Uyoga wa Vipembe Viwili

Subilaga alitaka mzizi, na mzizi ndicho kitu pekee ambacho wanawake wa Igandilo hawakuwa tayari kumpa.

"Chukua kofia," alisema Shangazi Syabumi, akimnyooshea uyoga mweupe, mpana kama sahani, wenye nundu ya kahawia katikati. "Chukua na shina lake. Beba kikapu kizima ukitaka, mwanangu, mwaka huu mvua imetuona. Ila huko chini hatugusi."

"Shangazi, nisipoona huko chini sijaona kitu. Ofisi imenituma nitambue, siyo nikisie."

"Ofisi yenyewe imezaliwa juzi. Kichuguu hiki mimi nimekikuta."

Ndivyo alivyokuwa Shangazi Syabumi, dada mkubwa wa marehemu baba yake Subilaga: akikujibu, hujui ucheke au uombe radhi. Alipiga magoti mbele ya kichuguu kilichompita kimo, akapitisha kisu usawa wa ardhi, na shina likalala kiganjani mwake. Kisha akasema taratibu maneno ambayo Subilaga aliyajua kabla hajajua kusoma: "Kichwa kwetu, mguu kwenu."

Maneno hayo huambiwa mchwa. Uyoga wa kichuguu ni kilimo chao. Wao ndio wanaoupanda na kuupalilia humo gizani, binadamu anaokota tu kilichotokeza juu. Kung'oa mzizi ni sawa na kuingia shambani mwa mtu usiku ukabeba mpaka mbegu. Kwa hiyo bibi alikata usawa wa ardhi, na mama akakata usawa wa ardhi, na hakuna aliyewahi kuchungulia kilichobaki.

Hata Kitambuzi nacho hakikuwahi kuchungulia. Kila nyumba bondeni ilikuwa na kifaa hicho cha ukubwa wa kiganja. Unakielekeza kwenye uyoga, kinautazama, kisha kinakwambia kwa sauti ya binti mwenye adabu: "Uyoga wa kichuguu. Salama." Kilifundishwa kwa picha, na picha zote za ukanda huu walizipiga wanawake hawahawa: kofia na shina, basi. Hakikumdanganya mtu. Kilisema kile kilichoonyeshwa, kama mtoto aliyelelewa na wazazi wenye siri.

Nyuma yao Ikupa, binti wa Shangazi, aliegemea mti kupumzisha kiuno. Tumbo lilikuwa limeshashuka. Nywele zake ndizo zilizomleta Subilaga kutoka mjini: zahanati ilizipima, kama inavyowapima wajawazito wote wa nchi ya dhahabu, ikakuta zebaki. Maji ya mto yalipimwa, safi. Samaki wakapimwa, safi. Sasa zebaki ilitoka wapi? Ndipo muuguzi mmoja akauliza swali la kawaida kabisa: mama, tangu mvua zianze unakula nini?

"Dada, chimba tu," Ikupa alisema kwa sauti ya uchovu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nataka kujua."

Shangazi Syabumi akamtazama binti yake, akatazama lile tumbo. Aligeuka, akawapa mgongo, akakunja mikono.

"Mimi sioni," alisema.

Subilaga akachimba. Mzizi wa uyoga huu ni mrefu kuliko shina lake, mwembamba kama kidole cha mtoto, unashuka hadi kwenye chumba cha mchwa. Mwanzoni ulikuwa mweupe. Mkono ulipozama hadi kiwiko, ukawa wa kijivu. Alipolala kifudifudi na shavu likagusa udongo, alishika ncha yake akaivuta polepole, nayo ilikuwa nyeusi, inang'aa, na nzito. Uyoga haulemei mkono vile.

*

Hadubini aliitega juu ya meza ya Shangazi, karibu na dirisha, baada ya kuiomba radhi redio na kuihamishia kitandani. Alikuwa na kofia moja aliyoilaza tangu jana juu ya karatasi na kuifunika bakuli, ili ichape vumbi lake. Akafunua. Vumbi lilikuwa la waridi hafifu, kama inavyopasa. Akalichota kwa ncha ya sindano, akalitia tone la ayodini, akatazama. Uyoga mwingi wenye sumu, vumbi lake hugeuka la bluu likiguswa na ayodini. Hili halikugeuka. Spora, yaani chembe za vumbi hilo, zilikuwa laini, zenye umbo la yai, zisizo na kasoro. Mpaka hapo kila kitu kilisema: uyoga wa kichuguu, kuleni.

Kilichobaki ni virungu, na hiyo ndiyo kazi iliyomfanya awe Mtambuzi, kazi ambayo hakuna kifaa kilichowahi kuifanya vizuri. Unakata kwa wembe kipande chembamba cha makunjo yaliyo chini ya kofia, unakitia rangi nyekundu, unakibana kati ya vioo viwili. Ukitazama pembezoni utaona virungu vidogo vimesimama wima, mamia kwa mamia. Kila kirungu kina vipembe kichwani, na juu ya kila kipembe imekaa spora moja, ndogo kiasi kwamba upepo hauna habari kuwa umeibeba. Uyoga wa kichuguu wa asili una vipembe vinne.

Na Utando?

Utando ulitengenezwa maabara na wataalamu kutokana na uyoga huuhuu, ili mchwa wasiukatae na waueneze kila mahali. Kazi yake ilikuwa moja: kuinywa zebaki iliyoachwa ardhini na wachimbaji wa dhahabu, na kuishika huko chini isiufikie mto. Haukutakiwa kuchipua. Uliumbwa tasa. Ila waliouumba walikuwa watu waoga, na Mungu awabariki kwa uoga wao, maana waliuwekea alama: ikitokea siku umechipua, virungu vyake viwe na vipembe viwili tu.

Subilaga akazungusha kirekebishi mpaka picha ikatulia. Viwili.

Akasogeza kioo. Viwili. Akakata kofia nyingine kutoka kikapu cha jirani, akatia rangi, akatazama. Vinne! Alipumua kwa nguvu, karibu acheke. Akakata iliyokuwa imelala ubavuni mwa hiyo, zimefanana kama mapacha wa tumbo moja. Viwili. Akaendelea kutafuta vinne, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni ambako ameshatafuta.

Akainua macho. Dirishani Mto Kasenga ulionekana chini ya bonde, na watoto walikuwa wakirushiana maji.

Yeye utotoni hakuwahi kumrushia mtu maji ya mto ule. Alikuwa mtoto wa enzi za zebaki. Baba yake alichoma dhahabu kwenye kikaango kilekile cha mayai, jikoni, na moshi ule mtamu wote waliuvuta. Mdogo wake Ambokile alizaliwa na shingo isiyokaza. Hakuwahi kukaa, hakuwahi kusema "mama", na alipofariki, mama alisema alhamdulillahi ya Wakristo, yaani alinyamaza tu akalala. Kisha Utando ukaja. Mto ukapona mbele ya macho yao. Kwanza walirudi vyura, halafu samaki, halafu watoto wenye shingo.

Na sheria aliijua kwa moyo, aliapa kwayo alipopewa kazi: Utando ukichipua, uuawe wote, bonde zima. Ukifa, unaachia kila ulichokishika. Zebaki ya miaka yote ile ingerudi udongoni, na kutoka udongoni ingeingia mtoni, mvua ya kwanza tu.

Aliweka mikono mezani akalia kidogo, bila sauti, kwa sababu jikoni Shangazi alikuwa anakaanga vitunguu na ukuta ulikuwa mwembamba.

*

"Nipe jina," alisema Bwana Kitalima, mkuu wa ofisi yao, uso wake ukiwa umejaa kwenye kioo cha simu. Hakuwa mtu mbaya. Alionekana kama mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwezi uliopita.

"Bado natazama, mkuu."

"Umetazama tangu asubuhi. Majina ni mawili tu, Subilaga. Ukisema uyoga, nafunga jalada. Ukisema Utando, vyombo vya angani vinaruka kesho kukicha, vinamwaga dawa."

"Na mto?"

"Serikali italeta maji kwa matenki."

"Kwa miaka mingapi?"

Kitalima akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Waulize watu wa udongo. Mimi nakuuliza wewe habari za uyoga."

"Wananchi wataambiwa lini?"

"Dawa ikishamwagwa. Kabla ya hapo, kimya. Nakujua, ni kwenu, ndiyo maana nakukumbusha. Wakisikia watakimbia, na watakimbia na vikapu vyao. Kila kikapu ni mbegu. Utawaonea huruma watu mia, uwaue elfu."

Lo! Kama angekuwa anasema upuuzi ingekuwa rahisi. Subilaga aliyapima maneno yale asione pa kuyatoboa. Akaomba muda mpaka jua litakapozama. Akapewa.

Alibaki ameshika simu. Angeweza kuandika "uyoga". Neno moja, na mto ubaki mto. Angewaambia Shangazi na Ikupa kimyakimya waache kula, nao wangewanong'oneza wenzao. Nani angejua? Lakini spora hazisikii minong'ono. Ng'ambo ya mlima, wanawake wengine walikuwa wanapitisha visu usawa wa ardhi, Kitambuzi kinawaambia salama, na huko kulikuwa na machimbo mengi kuliko hapa. Akiandika "Utando" na kunyamaza, basi kesho angekuwa amemwaga sumu katika mto wa shangazi yake, huku akila chakula chake.

Aliichukia kazi yake wakati ule. Aliichukia kwa moyo wote.

*

Chungu kilishaletwa. Kwa desturi ya Igandilo, uyoga unapopikwa mgeni huonja kabla ya wenyeji, na Subilaga, kwa kuwa alikaa mjini, alihesabiwa mgeni. Shangazi akamwekea bakuli. Karanga zilinukia, nyanya zilinukia, na mate yakamjaa mdomoni bila kumwomba ruhusa.

"Onja basi. Ikupa ana njaa ya watu wawili."

"Shangazi, sitaonja."

Kijiko kilisimama hewani. Bondeni kwao, kukataa kuonja uyoga ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ni mchawi. Ikupa akasogeza bakuli lake pembeni, taratibu, kwa kidole kimoja.

Akawaambia. Hakuzungusha. Aliwaambia kuhusu virungu na vipembe, kuhusu mzizi mweusi, kuhusu dawa ya kesho na kitakachofuata mtoni. Akawaambia pia kwamba hakutakiwa kuwaambia, na kwamba kwa kufungua mdomo tu kazi yake ilikuwa imekwisha.

Shangazi Syabumi akakifunika chungu.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemlisha. Kila siku namwambia kula, mwanangu, mtoto apate nguvu." Sauti ikakatika. Ikupa akamshika goti.

"Mama, hukujua. Nani alijua?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mzee, akajifuta macho kwa kitenge. Kisha akamgeukia Subilaga, na macho yalikuwa yamekauka. "Andika ni uyoga. Sisi tutaacha kula. Nitazunguka nyumba kwa nyumba, na unajua hakuna atakayenibishia. Tuachie mto wetu."

"Na wa ng'ambo ya mlima?"

"Watangazieni wang'oe mzizi wautazame. Mweupe wale, mweusi watupe."

"Mzizi mchanga huwa mweupe hata kama sumu imeshapanda kwenye kofia. Halafu, Shangazi, nani atang'oa? Leo asubuhi mimi, mtoto wa kaka yako, nilichimba mbele yako. Ulifanya nini?"

Wote watatu walikumbuka ule mgongo.

"Basi kuna jina la tatu?" aliuliza Ikupa. "Wewe ndiye Mtambuzi. Si useme hujui?"

"Ninajua, Ikupa. Hiyo ndiyo shida yangu."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Shangazi Syabumi alisimama, akashika ukingo wa meza, akaitazama hadubini kama anavyotazamwa mkwe asiyetakiwa.

"Nionyeshe."

Subilaga akamwekea kiti, akamrekebishia mwanga. Mzee akafumba jicho moja, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, mdomo ukihesabu bila sauti. Kisha akaomba ule wa vinne, akautazama nao. Akarudi tena kwenye viwili.

"Mzuri," alisema. "Haki ya Mungu, ni mzuri. Hauna habari kabisa kuwa umekosea."

Akainuka. Goti likalia.

"Mama yako alimbeba Ambokile mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inamfika magotini. Nilikuwa nampokea tukienda shamba. Mwanamke wa ng'ambo simjui, lakini mgongo wake naujua." Akavuta pumzi. "Andika jina lake la kweli. Lakini kwanza niache niwaambie wenzangu, nisije nikawa mimi ndiye niliyewaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Wakikimbia na vikapu?"

"Wakimbilie wapi, na makaburi yao yako hapa?"

*

Hakuna aliyekimbia. Subilaga alisimama kwenye mlango akaona wanawake wanakuja uwanjani na vikapu vichwani, mmoja baada ya mwingine, wengine wanalia waziwazi, mmoja anamtukana kwa jina lake na jina la mama yake. Alistahimili. Palitokea kijana mwenye kibiriti, na hapo Subilaga akapiga kelele kama kichaa: "Msichome! Zebaki inapaa na moshi! Mnataka kuivuta tena?" Wakachimba shimo, wakamwaga uyoga, wakatandaza nailoni, wakafukia na kushindilia kwa miguu. Ilikuwa kama mazishi, ila hapakuwa na wimbo, kwa sababu hakuna aliyejua ni wimbo upi unaofaa.

Jua lilipogusa mlima akaandika neno moja na kulituma. Kitalima akapiga simu papo hapo.

"Umewaambia," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimewaambia. Vikapu vyote viko shimoni, mkuu. Hakuna aliyeondoka na hata kofia moja. Njoo uhesabu."

"Ukirudi mjini utakabidhi hadubini," alisema Kitalima, kwa upole. "Pole sana, Subilaga." Kioo kikazima.

Akatoka nje akidhani atawakuta watu wamekaa wanamsubiri, wamzomee au wamsamehe. Uwanja ulikuwa mtupu. Sauti zilitoka bondeni.

Kijiji kizima kilikuwa mtoni. Walikuja na ndoo, madumu, sufuria, mitungi ya pombe, beseni za kuogea watoto, hata kengele ya kanisa walikuwa wameishusha na kuigeuza juu chini, wakaijaza maji. Wanaume walipanga mstari kutoka mtoni hadi juu, chombo kikipokelewa mkono kwa mkono. Kinamama waliwaingiza wachanga majini, wakawaogesha taratibu, sehemu kwa sehemu, bila sabuni.

Shangazi Syabumi alimwona. Hakumwita, wala hakumkunjia uso. Alichukua ndoo tupu akamwekea mikononi, akamwonyesha kwa kidevu nafasi iliyokuwa wazi kwenye mstari. Subilaga akaingia. Alichota, akapitisha, akachota, akapitisha, maji yakimmwagikia kifuani, na machozi hayakuonekana.

Mbele yake Ikupa alikuwa ameingia mtoni mpaka tumbo likaguswa na maji. Alikuwa anakunywa kwa viganja vyote viwili, anameza, anainama tena, kama mtu asiyejua kushiba.

"Binamu, inatosha," alimwambia. "Utaumwa."

Ikupa akatikisa kichwa. Aliuweka mkono mmoja tumboni, na mwingine akauzamisha tena.

"Kunywa, mwanangu," aliliambia tumbo lake. "Kunywa. Haya ndiyo maji ya kwenu, na ukija hutayakuta."